Kereng'ende wa Picha ya Tatu

Sajenti Mwikali alivua viatu chini ya ngazi, kwa adabu na kwa aibu pia. Vilikuwa vimeganda matope ya mikokoni. Jana kutwa yeye na Konstebo Sammy walikuwa kwenye hori ya Tudor, wakichokoa mizizi kwa fimbo, wakimtafuta mzee wa miaka sabini na mmoja ambaye huenda tayari alikuwa maiti. Hawakuambulia kitu.

Mzee Maxwell Kadenge, mstaafu wa reli, alitoka nyumbani kwake Tudor Jumanne saa mbili asubuhi. Alimwambia binti yake, Becky, kwamba anakwenda kuwaona wadudu wake na atarudi kula mchana. Saa tatu na dakika arobaini na moja simu yake ilituma picha tatu kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaopiga picha za kereng'ende. Dakika sita baadaye simu ikazima. Leo ilikuwa Alhamisi.

Faili aliyoibeba Mwikali kwapani ilikuwa nyembamba. Ndani yake mlikuwa na barua ya kampuni ya simu, iliyosema kwamba picha zilipita kwenye mnara mmoja wa Makupa, ambao huhudumia kuanzia darajani mpaka ukingo wa hori upande wa Tudor. Mlikuwa na maelezo ya Becky, na sentensi moja humo Mwikali alikuwa ameipigia mstari: wiki iliyopita baba yake alirudi nyumbani amekasirika, akasema, "Yule Riyadh ataua mtu siku moja." Na mlikuwa na maelezo ya huyo Riyadh mwenyewe, mnunuzi wa vyuma chakavu pale Makupa, aliyedai kwamba waligombana kwa sababu ya kelele za mashine tu. Mwikali hakumwamini. Lakini kutomwamini mtu si ushahidi, na kwa hiyo alimwacha aende zake.

Zilibaki picha. Alikuwa amempigia simu mara nne mtambuzi wa wadudu wa kundi lile, aliyejulikana kundini kwa herufi mbili tu, B.T., na leo alfajiri mtu huyo akapokea.

B.T. alikuwa Bi Tumu Ubaid, mjane wa miaka sitini na kitu, mshona kofia za vito, zile za matundu madogo, mkaazi wa Kibokoni tangu kuzaliwa. Chumba chake cha ghorofani kilikuwa na dirisha la mashariki. Chini ya dirisha palikuwa na meza, kofia iliyoshonwa nusu, na lenzi kubwa iliyofungwa kwenye mkono wa chuma.

"Sabalkheri, Bi Tumu."

"Sabalkheri, mwanangu. Karibu. Kaa hapo penye mwangaza. Watu wako hawajambo?"

"Hawajambo, ahsante. Nawe u hali gani?"

"Alhamdulillahi. Nalikuwa Malindi arusini, simu imezima siku tatu. Nimeiwasha leo, nikakuta ujumbe wako na picha za Kadenge." Akaisogeza kofia pembeni. "Kama nisingalikwenda arusini, ungalijua tangu Jumanne. Hilo nimelijutia tangu alfajiri."

"Mnajuana sana?"

"Miaka sita. Hutuma picha, nami humwambia ni nani aliye pichani. Zimefika mia nne na ushei. Sijapata kumtia matoni, hata uso wake siujui."

Mwikali alizitoa picha zile tatu, alizokuwa amezichapa kwenye karatasi kubwa, akazipanga mezani. Ya kwanza ilimwonesha kereng'ende aliyekamata ukuta uliochakaa, rangi yake ya majani makavu. Ya pili ilikuwa ya bawa. Ya tatu ilikuwa ya kichwa, karibu kabisa, jicho kubwa limejaa karatasi.

"Hivi ndivyo nilivyomfunza," alisema Bi Tumu. "Moja ya mwili, moja ya bawa, moja ya jicho. Wengi hupiga moja tu, kwa mbali, wakasema wameona chekundu. Kadenge hakuruka somo hata siku moja. Sasa nambie, ni nani aliyewapeleka nyinyi mikokoni?"

"Programu ya simu. Konstebo wangu aliitia picha ya kwanza, ikajibu kwa jina la Kilatini la mdudu anayezaliwa kwenye maji ya chumvi. Asilimia tisini na moja. Mtu mmoja kundini akasema ndiye mwekundu wa mikokoni. Tukaona mnara unafika hori, na hori ina mikoko."

"Jina hilo nimelibuni mimi." Bi Tumu hakulisema kwa majivuno. "Sisi wote huku twasema kereng'ende, basi. Akiwa mwekundu, akiwa buluu, akiwa mnene, kereng'ende. Kundini tukaona lazima tuwape majina, tusije tukachanganya. Yupo mwekundu wa mikokoni na yupo mwekundu wa visimani. Wakiwa wakubwa wafanana, na wakiwa wachanga wafanana zaidi. Programu yako imetazama rangi, na mdudu huyu bado hajapata rangi."

"Mchanga kiasi gani?"

"Hana saa moja." Alitoa sindano kwenye mto wa pamba, akaielekeza kwenye picha ya pili. "Tazama bawa linavyong'aa, kama karatasi iliyopakwa mafuta. Bado bichi. Na huku pembeni ya picha ya kwanza, hiki ulichokidhania uchafu wa ukuta ni gamba lake. Mtoto wa kereng'ende huishi majini. Siku yake ikifika hupanda ukutani, hupasua mgongo, akatoka na mabawa. Kisha hungoja yakauke. Huyu hajaruka hata mara moja."

Mwikali aliinama juu ya lenzi. Ile aliyoidhania ngozi ya chokaa iliyobanduka ilikuwa na miguu sita.

"Kwa hiyo alipopigwa picha ndipo alipozaliwa," alisema polepole.

"Na maji yako chini yake. Si mbali, hatua moja au mbili."

"Maji ya chumvi au maji matamu?"

"Hapo ndipo pa kuhesabu." Bi Tumu alifungua kabati, akatoa picha ya zamani yenye tarehe nyuma yake. "Huyu ni wa mikokoni kweli, nilimshika mwenyewe nikamwacha. Ukingo wa mbele wa bawa la mbele, kuanzia mwilini mpaka hapa penye kifundo. Vijiti vinavyokata ukingo ni vingapi? Hesabu wewe, usinitegemee mimi."

Mwikali alipewa sindano. Alihesabu kwa ncha, midomo ikimcheza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Saba."

"Sasa bawa la Kadenge."

Safari hii alichukua muda mrefu zaidi. Mara mbili alipoteza, akaanza upya. "Kumi," alisema. "Na kimoja kifupi, kimeishia katikati."

"Kumi na nusu. Wa visimani, kile chake cha mwisho hakifiki ng'ambo, siku zote. Wa mikokoni hawezi kuwa na kumi, kama mimi nisivyoweza kuwa na vidole saba." Alichukua sindano yake. "Nimehesabu matundu ya kofia miaka arobaini, mwanangu. Picha za kundi zimepita elfu nne. Nimekosea mara nyingi, na kila kosa nimeliandika kwenye daftari. Hapa sikosei."

Mwikali aliandika: maji matamu. Kisha akaandika tarehe ya mvua ya mwisho. Sasa ulikuwa mwezi wa Februari, na kisiwa hakikuwa kimeona tone kwa wiki saba. Madimbwi yote yalikuwa yamekauka.

"Mtoto huyo hukaa majini muda gani kabla ya kutoka?"

"Wiki sita, wiki nane. Maji yakikauka, hufa."

"Basi ni maji ya kudumu. Kisima."

"Visima? Hapa Mji wa Kale peke yake nakuhesabia kumi na viwili."

"Mnara wakataa. Simu haikufika huku. Ni Makupa, au Tudor, au baina yake." Mwikali aliitazama picha ya tatu, ile ya jicho. Ilikuwa na giza kuliko zile mbili. "Hii mbona nyeusi hivi? Saa tatu asubuhi jua lishapanda."

Bi Tumu aliivuta lenzi mpaka ikakaribia kugusa karatasi, akachungulia. Kisha akainua uso, akampisha.

Juu ya jicho la kereng'ende palikuwa na kitone cheupe cha mwanga. Kwa macho matupu kilikuwa kitone tu. Chini ya lenzi kilikuwa na pembe nne.

"Dirisha," alisema Mwikali.

"Dirisha lingekaa ubavuni mwa jicho. Hiki kiko utosini. Na pande zote nyingine ni giza."

Wote wawili waliinua macho kwa pamoja, wakaitazama dari ya boriti.

"Alikuwa ndani ya shimo," alisema Mwikali. "Mlango wa shimo uko juu, na ni wa mraba. Visima vya kuchimba ni duara."

Shimo la mraba hujengwa, na Makupa palikuwa pa reli tangu zamani; alimpigia Becky palepale. Becky alikuwa amekaa kando ya simu siku mbili, akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Becky, nina swali moja. Baba yako alipoanza kazi reli alikuwa nani?"

"Fundi wa ishara."

"Kabla ya hapo. Kazi ya kwanza kabisa."

Becky alifikiri. "Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Alikuwa anajaza maji magari ya mvuke. Hupenda kutuhadithia. Anasema Makupa kuna birika za chini ya ardhi za maji ya mvua, za wakati huo, na kwamba waliokuwa wakizijua wote wamekufa, amebaki yeye."

"Alisema ziko wapi?"

"Hapana. Sehemu zake za picha hamwambii mtu. Anaogopa watu watakwenda kuwasumbua wale wadudu." Sauti yake ikapungua nguvu. "Sajenti, mmepata kitu?"

"Nimepata mahali pa kuuliza. Vaa viatu, ungoje simu yangu."

Alipokata simu alisoma tena ile sentensi aliyoipigia mstari. Yule Riyadh ataua mtu siku moja. Siku mbili nzima aliisoma kama tishio la ngumi au la kisu. Mwanamume ananunua vyuma. Birika ya chini ya ardhi ina mfuniko wa chuma.

"Bi Tumu," alisema akisimama, "nakushukuru."

"Usinishukuru mimi kwanza. Nenda."

Yadi ya Riyadh ilikuwa nyuma ya safu ya malori yaliyokuwa yakingoja zamu, injini zikiunguruma. Mtu alihitaji kupaza sauti ili asikike hatua tano. Riyadh, mwanamume wa miaka thelathini na tano mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alimwona Mwikali na Sammy wakiingia, akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Afande, maelezo yangu nilishatoa jana usiku."

"Ulitoa. Uliniambia mligombana kwa kelele."

"Ndivyo."

"Mzee Kadenge anakaa Tudor. Kelele za mashine yako zinamfikia vipi?"

Riyadh alifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Nitakueleza nijuavyo mimi," Mwikali aliendelea, "nawe utanisahihisha. Kuna birika za zamani za maji huku nyuma. Zina mifuniko ya chuma, ya mraba. Mifuniko ililetwa hapa ikapimwa kwenye mizani yako. Mzee alikuja kukuambia uirudishe, kwa sababu shimo lililo wazi ni kaburi linalongoja mtu. Hukurudisha."

"Mimi nanunua. Mtu analeta, nanunua. Siulizi kimetoka wapi."

"Birika ziko wapi?"

"Sijui habari ya birika, afande."

Mwikali alivuta tairi bovu, akalikalia, wakawa uso kwa uso. Alisema kwa sauti ambayo Riyadh ilimbidi ainame kuisikia.

"Sikiliza, Riyadh. Mimi leo sitafuti chuma. Natafuta mtu. Mzee huyo aliingia kwenye birika mojawapo Jumanne saa tatu asubuhi, na hajatoka. Akiwa hai, kila dakika unayonipotezea ni ya kwake. Akiwa amekufa, nitarudi hapa nikiwa natafuta kitu kingine. Chagua niwe nakuuliza lipi."

Rangi ilimtoka Riyadh usoni. Haikuwa hofu ya kesi, Mwikali aliiona tofauti hiyo wazi. Ilikuwa hofu ya mtu aliyekumbuka jambo.

"Jumanne?" aliuliza. "Jumanne saa tatu?"

"Jumanne saa tatu na dakika arobaini na moja."

"La ilaha illallah." Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Jumatatu jioni vijana wangu walilegeza ngazi ya chuma mle ndani. Walikata bolti mbili, giza likawakuta, wakaiacha waje waimalizie siku nyingine. Jumanne saa sita mchana nikapita mimi mwenyewe. Nikaona shimo liko wazi, na kuna mbuzi wanakula majani pale. Nikawaambia leteni bati mfunike, mnyama wa watu asije akatumbukia." Alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya yadi. "Hatukuchungulia. Malori yalikuwa yananguruma hivi hivi. Wallahi, afande, hatukuchungulia."

Mwikali alikuwa ameshasimama. "Sammy, waite zimamoto na gari la wagonjwa. Riyadh, wewe tangulia."

Walipita upenyo wa ukuta uliobomoka, wakakatiza kichaka cha mkwamba, kisha kiwanja cha kokoto nyeusi za zamani. Hapakuwa na kitu cha kumwonesha mpita njia kwamba chini kuna kitu. Palikuwa na bati tu, limelazwa chini, jiwe juu yake, na kereng'ende wawili wekundu wakizunguka pembe yake palipokuwa na mwanya usiozidi vidole vinne.

Riyadh alilitupa lile jiwe na kulivuta bati peke yake. Hewa ya maji yaliyolala ikapanda. Mwikali alilala kifudifudi, akaingiza kichwa.

Mwanzoni hakuona kitu. Kisha akaona ngazi, imening'inia kwa upande mmoja, na maji meusi, kama mita nne kutoka mlangoni. Ukutani, shibiri moja juu ya maji, palikuwa na ukingo mwembamba wa mawe. Juu ya ukingo palikuwa na mtu, ameegemea, mguu mmoja umepinda pasipo na kiungo.

"Mzee Kadenge."

Nyuma yake Riyadh alikuwa akisoma dua kwa pumzi ya chini.

"Mzee Kadenge, mimi ni Sajenti Mwikali. Becky ndiye aliyenituma."

Kichwa kiliinuka kidogo. Uso uligeukia mwanga, macho yamefumbwa kwa ukali wake.

"Leo siku gani?" sauti iliuliza, kavu kama jani la mkoma.

"Alhamisi, mzee."

"Basi mmechelewa kidogo," alisema mzee. "Lakini ahsanteni."

Zimamoto walichukua dakika ishirini kufika, na Riyadh hakuwangojea. Alijifunga kamba ya lori kiunoni, Sammy na dereva mmoja wakaishika, akateremka. Aliingia majini mpaka kifuani, akasimama kando ya ukingo ule na kumkinga mzee mgongo kwa mabega yake, kwa sababu mzee alikuwa ameanza kuteleza baada ya nguvu zilizomshikilia kujua kwamba sasa zinaweza kupumzika. Alikaa hivyo mpaka machela iliposhushwa. Walipopandishwa wote wawili, Riyadh alikaa kwenye kokoto, nguo zinamchuruzika, hakumtazama mtu.

Becky alifika mbio, kiatu kimoja mkononi. Alipiga magoti kando ya machela na kumshika baba yake masikio, kama mtu anayehakikisha kwamba yote mawili yapo. Hakuweza kusema neno. Mwikali alisogea kando, akaitazama ile faili iliyokuwa bado kwapani. Katika miaka minne ya kazi yake kisiwani alikuwa ameandika faili tisa za watu waliopotea. Saba zilifungwa kwa maneno ambayo hakupenda kuyakumbuka, na moja ilikuwa bado wazi. Alitoa kalamu, akaandika kwenye jalada: Amepatikana. Yu hai.

Kesho yake, Ijumaa baada ya swala, alikwenda hospitali kuchukua maelezo. Bi Tumu alikuwa ameshatangulia. Alikuwa amekaa kando ya kitanda na buibui lake, mikono imepakatwa, chombo cha uji wa mtama mezani. Mzee Kadenge alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti, mkono una mpira wa dawa. Alikuwa akimtazama mgeni wake kwa mshangao ambao haujaisha.

"Miaka sita," alimwambia Mwikali alipoingia. "Miaka sita nilidhani B.T. ni mwanamume. Nilidhani mwalimu wa chuo kikuu, mwenye miwani na hasira."

"Miwani ninayo," alisema Bi Tumu. "Na hasira utaziona ukirudi tena kwenye mashimo peke yako."

Becky, aliyekuwa akimimina uji, alicheka kwa mara ya kwanza tangu Mwikali amjue, kisha kicheko kikageuka kilio, akaweka kijiko chini na kumwinamia Bi Tumu, akaishika mikono yake yote miwili.

"Mama, mimi sijui niseme nini."

"Usiseme, mwanangu. Ametaka Mungu." Bi Tumu aliiacha mikono yake ishikwe. "Naye babako alijisaidia mwenyewe. Angalipiga picha moja, kwa mbali, ya mdudu tu, mimi ningalisema sijui. Alipiga zote tatu, akiwa amening'inia kwenye ngazi mbovu."

"Ngazi sikujua ni mbovu," alisema mzee. "Nilituma picha, nikageuka nishuke nione kama wako wengine wanaotoka majini. Kipandio kikakatika. Simu ikaenda upande wake, nami upande wangu." Akanywa uji aliopewa. "Nilipiga kelele mpaka mchana. Kisha bati likaja. Nikasikia watu wanalipanga, nikawaita, lori likazidi. Hapo nikasema, Maxwell, kelele hazifai, weka nguvu. Maji ya kunywa ninayo. Mwanga unaingia kidogo pale pembeni. Asubuhi ya Jumatano nikawaona wanapanda ukutani, mmoja baada ya mwingine. Nikawahesabu. Kumi na wanne. Jana kumi na tisa. Walikuwa wanatoka kwenye kile kimwanya, wanaruka. Nikawa nasema, kama hawa wanatoka, basi mlango upo."

Nje, kwenye ujia, muuguzi alikuwa akisukuma meza ya dawa.

Mwikali alifungua daftari. "Mzee, lazima nikuulize mambo machache kwa ajili ya faili. Uliwahi kumwonya Riyadh kuhusu mifuniko?"

"Mara mbili."

"Ulimwambia maneno gani?"

"Nilimwambia ataua mtu." Mzee aliangalia dari. "Sikujua nilikuwa najitaja mwenyewe. Aliyeingia majini jana akanishika mgongo, ndiye yeye?"

"Ndiye."

"Na ngazi?"

"Vijana wake walikata bolti, kwa amri yake. Amekiri mbele yangu bila kushurutishwa. Jumatatu ataitwa kituoni, na faili itakwenda kwa mwendesha mashtaka. Ukitaka kutoa maelezo ya kumtetea, una haki hiyo. Ukitaka kutoa ya kumshtaki pia."

Becky alitaka kusema neno. Baba yake aliinua kidole kumzuia. Mzee Kadenge alifikiri kwa utaratibu, kama fundi anayepima ishara mbili kabla ya kuliruhusu garimoshi.

"Alitetemeka," alisema hatimaye. "Yale maji ni baridi. Alinishika zaidi ya nusu saa, anatetemeka, na kila mara ananiambia, mzee, usilale, mzee, usilale. Nilisikia moyo wake mgongoni kwangu." Aligeuza uso kumtazama Mwikali. "Andika hivyo. Andika kwamba alikata ngazi, na andika kwamba alinishika. Umwambie namshukuru, na shukrani yangu aipokee. Na kesi yake aipokee vilevile. Kimoja hakifuti kingine."

Mwikali aliandika neno kwa neno. Alipomaliza alimsomea, naye mzee akaomba kalamu, akaweka saini kwa mkono usio na mpira wa dawa, polepole, mpaka herufi ya mwisho.